Maji ya Nyumba Moja

Gari la ofisi lilimshusha mpimaji mwisho wa barabara ya vumbi, mahali ambapo daraja dogo la mfereji lilikuwa limebomoka na gari lisingeweza kuvuka. Dereva alimsaidia kushusha mizigo: sanduku la mashine, mafungu ya waya, vigingi vya chuma, nyundo, betri, keekee ya kuchimbia kwa mkono, godoro jembamba na ndoo ya vyombo. Alipomaliza akatazama ng'ambo, akaona nyumba zisizo na milango wala mabati, akaguna.

"Mama, huku utaongea na nani?"

"Na udongo."

Dereva akacheka, akidhani ni mzaha. Akageuza gari, akaahidi kurudi kazi itakapokwisha, akaondoka hata vumbi la kuja halijatulia.

Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vyuma ujana wake wote. Ofisini walimwita Bi Vigingi. Kazi yake ilikuwa kuipima ardhi bila kuifukua: kujua chumvi imefika wapi, maji ya chini yako kina gani, na kama yananyweka. Safari hii wakubwa wa umwagiliaji walitaka kujua kama tawi lile la mfereji lifungwe, na kama chini ya mashamba yale yaliyokufa kulikuwa na maji yoyote ya kuwafaa watu waliobaki.

Watu waliobaki walikuwa mmoja. Alikuwa amesimama ng'ambo ya mfereji na toroli, mzee mwembamba aliyevaa shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Ofisi walinipigia simu kwamba mgeni wa kijiji anakuja." Akajigusa kifuani. "Kijiji ndicho hiki."

Wakavusha mizigo kidogo kidogo juu ya ubao uliowekwa pale daraja lilipokatika. Mzee akaipanga kwenye toroli kwa uangalifu, mashine juu ya godoro, akaanza kusukuma.

"Waliohama wameniachia jina," alisema. "Mkaidi. Na methali yake unaijua."

"Naijua."

"Basi ndiyo siku hiyo ninayoisubiri."

Njia ilikata katikati ya mashamba. Kwa mbali ungesema mtu amepita akimwaga unga. Kwa karibu ulikuwa ukoko mweupe wa chumvi, unaovunjika chini ya viatu kama ganda la yai. Visiki vya michungwa vilikuwa bado kwenye mistari yake, vimenyooka, kama wanafunzi waliosahauliwa uwanjani. Mkaidi alieleza bila kuulizwa. Mfereji ulipoletwa, watu walimwagilia kama waliofunguliwa kutoka kifungoni. Nani angelinyima shamba lake maji, na maji yako mlangoni? Maji yakazama, chini kukajaa, yakaanza kupanda, na katika kupanda yakaibeba chumvi iliyokuwa imelala huko tangu dunia iumbwe. Maharage yakakataa kwanza. Kisha mahindi. Mwisho hata nyasi zikasusa.

"Tulipoona udongo unakuwa mweupe, tukasema dawa ni kuuosha. Tukaongeza maji."

"Wengi hufanya hivyo."

"Tulikuwa tunazima moto kwa mafuta ya taa, mama. Na tulikuwa na bidii."

Alimpeleka kwenye nyumba iliyokuwa ya muuguzi, ng'ambo ya uwanja kutoka kwake, ambayo paa lake lilikuwa zima. Alikuwa ameifagia na kuweka mtungi wa maji aliyoyachota mbali. Kisha akamkaribisha kwake chai. Ndani kulikuwa na meza na viti vinne, vitatu vimefunikwa vitambaa visishike vumbi. Akavua kitambaa kimoja, akampa mgeni kiti.

"Mama watoto aliondoka baada ya majirani wote," alisema akimimina chai. "Yeye na binti na kijana. Wako mjini. Wewe nitafutie maji tu, mama. Maji yakipatikana, watarudi."

Mpimaji aliwahi kuyasikia maneno ya namna hiyo katika nchi nyingi kavu. Alikuwa amejifunza kutoyajibu. Akapuliza chai yake, akanywa.

Asubuhi alivua saa, akaacha funguo na simu mezani, akabadilisha hata mkanda wenye kifungo cha chuma, maana mashine yake hudanganywa na chuma chochote kilicho karibu. Ilikuwa kama ubao mrefu mwembamba, akaining'iniza begani kwa mkanda wa kitambaa mpaka ikalala usawa wa nyonga. Kazi yake haikuwa ngumu kuielewa. Ilipeleka mawimbi hafifu ya umeme ardhini na kusikiliza yanavyorudi. Penye unyevu na chumvi umeme hupita kwa urahisi, namba hupanda. Penye mchanga safi umeme husumbuka, namba hushuka. Mpimaji alitembea mstari mmoja mpaka mwisho wa shamba, akahama hatua chache, akarudi kwa mstari wa pili, kama mtu anayelima bila jembe.

Na kila alipotazama kioo cha mashine aliisoma namba kwa sauti.

Mkaidi alimtazama kutoka kivulini mwa ukuta mpaka jua lilipopanda. Ndipo akamfuata.

"Nilidhani unasali."

"Nasoma namba."

"Unamsomea nani? Chombo si kinaandika chenyewe?"

"Kinaandika."

Akaendelea kusoma mpaka walipofika mwisho wa mstari. Akaweka mashine juu ya begi, akajinyoosha mgongo.

"Zamani mashine hazikuwa hivi. Mmoja alibeba na kusoma, mwenzake alifuata nyuma akiandika. Mimi nilikuwa na mwandishi wangu. Mtu mpole, hakosi kofia. Nikisema namba anairudia, ili nijue ameipata sawasawa. Tumetembea hivyo miaka na miaka, mimi mbele, yeye nyuma. Zikaja hizi zinazojiandikia. Ofisi ikaona mtu mmoja anatosha, yeye akastaafishwa. Nikawa nasema nitakwenda kumtembelea, nitakwenda. Siku moja nimetoka safari kama hii, nikakuta tangazo ukutani. Alikuwa ameshazikwa."

"Pole sana."

"Nimeshapoa. Ila mdomo ndio haujajua."

Mkaidi akatikisa kichwa, akaangalia visiki vyake. Mpimaji alipobeba mashine na kuanza mstari mwingine, akasikia hatua nyuma yake.

"Mia tatu na kumi," alisema.

"Mia tatu na kumi," ikajibu sauti.

Hakugeuka. Wakaendelea hivyo mpaka jua lilipowashinda, yeye mbele, mzee nyuma.

Siku iliyofuata, walipofika nyuma ya nyumba ya Mkaidi, namba zikaporomoka. Mpimaji alidhani betri imelegea. Akarudi mwanzo wa mstari, akapita tena, zikaporomoka palepale. Mstari wa pili hivyohivyo, ila kidogo pembeni zaidi, na wa tatu pembeni zaidi ya hapo. Jioni aliunganisha mashine na kompyuta yake juu ya meza ya viti vinne, akamwonyesha mzee picha. Shamba zima lilikuwa jekundu, wekundu wa kidonda. Lakini katikati kulipita utepe wa bluu, umejipinda kama nyoka, ukikatiza nyuma ya jiko.

"Huo ni mto," alisema.

"Hapa hapajawahi kuwa na mto."

"Si wakati wako, wala wa babu wa babu yako. Ulipita, ukajifukia kwa mchanga wake wenyewe, ukasahauliwa. Udongo wa huku ni mfinyanzi, umeshika chumvi. Ule mchanga haukuishika."

Mkaidi akausogeza uso wake mpaka karibu kugusa kioo.

"Na una maji?"

"Hiki chombo hakiwezi kuniambia. Kinaona juu juu. Kesho tutaiuliza ardhi kwa vigingi."

Kesho yake walipigilia vigingi vya chuma kwa mstari mmoja ulionyooka, wakaviunga kwa waya. Kazi hiyo ilitaka mtu wa kuvuta waya, na Mkaidi aliivuta kama aliyezaliwa nao. Umeme uliingia ardhini kwenye vigingi vya pembeni, na vigingi vya ndani vikapima unavyokwazwa njiani. Kila walipovitanua vigingi zaidi, ndivyo umeme ulivyozama zaidi.

"Nikishika hapa wakati umewasha?" mzee aliuliza.

"Utajua kwamba umeme hauna undugu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Kicheko chenyewe kilitoka kwa shida, kikikwaruza, kama bawaba ya mlango uliofungwa muda mrefu.

Majibu yalipokamilika, mpimaji aliyachora kwa kijiti mchangani. Juu mchanga mkavu. Chini yake mchanga wenye maji matamu, maji ya mvua za miaka mingi yaliyojipenyeza taratibu. Chini ya hayo, chumvi.

"Yale matamu yanaelea juu ya yale ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi. Hayajachanganyika kwa kuwa hakuna aliyeyakoroga."

Hapo ikabaki kuhakikisha. Wakasimamisha keekee nyuma ya jiko, wakaizungusha kwa zamu. Mchanga ukatoka mweupe na mkavu, kisha wa kijivu, kisha ukatoka ukidondosha maji. Mpimaji akateremsha kichupa kwa kamba, akakisubiri kijae, akakivuta. Kwanza akatumbukiza kipimo cha chumvi. Akakitazama mara mbili. Kisha akaonja, akamimina yaliyobaki kwenye kikombe, akampa mzee.

Mkaidi alikunywa polepole, macho yameinama ndani ya kikombe. Alipomaliza akaweka kikombe chini. Akaenda ndani, na alipotoka alikuwa amenawa uso na kuvaa shati jingine, safi zaidi ya lile.

"Yanatosha?" aliuliza.

Mpimaji alikuwa amelitegemea swali hilo. Akalijibu kwa tahadhari, kama mtu anayemwaga maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Hayakuwa maji ya mashamba, alisema. Mtu akileta pampu ya mashine akayavuta kwa pupa, chumvi ya chini ingepanda katikati ya kisima, na ikishapanda haishuki upesi. Lakini kwa pampu ya mkono, kwa kunywa, kupikia, kufulia na bustani ndogo ya mboga ya nyumba moja, yangedumu. Tawi la mfereji lazima lifungwe, maana ndilo lililokuwa likiisukuma chumvi juu.

"Nyumba moja," alisema Mkaidi. "Nyumba ya watu wangapi?"

"Watu wachache."

"Wanne?"

"Wanne wanatosha. Hata nyumba mbili tatu zingetosha."

Mzee akatikisa kichwa kwa furaha, mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu asiyeonekana.

Mtandao wa simu ulipatikana juu ya tuta la mfereji tu. Walipanda pamoja. Mkaidi akabonyeza namba, simu ikaanza kuita, kisha ghafla akamnyooshea mpimaji.

"Zungumza wewe. Wakinisikia mimi watasema ni yale yale."

Sauti iliyopokea ilikuwa ya kike, changa. Nyuma yake kulisikika cherehani ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama.

"Baba?"

"Si baba, mwanangu. Mimi ni mpimaji wa ardhi, niko naye hapa."

Cherehani ikanyamaza. "Shikamoo, mama. Kapatwa na nini?"

"Marahaba. Hajapatwa na kitu, mzima kabisa. Ameniomba niwaeleze jambo." Akaeleza habari za mchanga na maji matamu, kwa maneno mepesi. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo maji yapo."

"Yapo, tena mazuri."

"Amefurahi?"

"Sana. Anasema sasa mnaweza kurudi."

Cherehani ikakimbia kidogo, ikasimama tena.

"Mama," binti akasema taratibu, "wewe hutujui, kwa hiyo labda nikuambie wewe. Sisi hatukuhama kwa sababu ya chumvi."

Mpimaji akaibana simu sikioni.

"Chumvi tuliivumilia. Tulikuwa tunachota maji mbali, tunarudi na ndoo kichwani, na hakuna aliyenung'unika. Kilichotushinda ni kimya chake. Anaingia, anakula, anatoka. Amekaa mezani lakini yuko shambani. Ukimsemesha anakutazama kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua. Mama aliwahi kuugua mpaka hawezi kuinuka kitandani. Baba akaja mlangoni. Mama akajua anakuja kumjulia hali. Baba akauliza kama lango la mfereji limefunguliwa." Sauti ikayumba kidogo, ikajishika. "Hayo ya chumvi tuliwaambia majirani, asije akaaibika."

"Yeye anajua?"

"Mama alimwambia siku tuliyoondoka. Sijui kama alisikia. Mwambie wewe, mama. Wewe ni mtaalamu, wewe atakusikiliza."

Mkaidi alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, akimsoma uso. Tabasamu lake lilikuwa bado lipo ila lilianza kutojua likae wapi. Mpimaji alikuwa amewapelekea watu habari mbaya nyingi. Aliwahi kumwambia mjane kwamba shamba lake halitaota kitu tena maishani mwake, na alimwambia akimtazama machoni. Hii ilikuwa tofauti. Hii hakutumwa kuitafuta.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hilo mdomo wangu haulifai. Yuko hapa, nampa simu. Mwambie kama ulivyoniambia."

Akamkabidhi mzee simu, akateremka tuta, akasimama mbali asisikie. Lakini kwenye uwanda ule mtupu sauti ilitembea.

"Ndiyo," Mkaidi alisema. Baada ya muda mrefu: "Ndiyo, binti yangu." Kisha: "Alisema hivyo? Siku ile?" Kisha, kwa sauti ya chini sana: "Sikusikia." Mwisho akasema, "Haya. Msalimie mama yako."

Walirudi kijijini. Mlangoni kwake mzee alimshukuru kwa kazi, akaingia, akafunga mlango.

Kesho yake hakutokea. Mpimaji aliendelea na mashamba ya bondeni, kule ambako ofisi ingehitaji kuchimba mitaro ya kutolea maji ya chumvi. Mdomo wake ulisoma namba kama kawaida, kisha ukangoja. Palipokuwa pa jibu pakawa na mlio wa ukoko ukivunjika chini ya viatu. Alijaribu kunyamaza kabisa, akashindwa. Kunyamaza kulimfanya ahisi kama si yeye anayetembea. Alikula mchana peke yake, mgongo ameegemea kisiki, mkate na chai ya chupa. Upepo ulipuliza vumbi jeupe usawa wa magoti. Kadiri jicho lilivyofika hakukuwa na kitu kinachotembea.

Jioni aliona moshi haujatoka jikoni kwa mzee. Akasita, akavuka uwanja, akabisha hodi.

"Pita."

Alikuwa amekaa mezani. Viti vyote vinne vilikuwa vimevuliwa vitambaa, na vitambaa vyenyewe vimekunjwa vizuri dirishani. Mpimaji akawasha moto, akapasha maharage ya jana, akapakua sahani mbili, akakaa. Wakaanza kula.

"Sijui pa kuanzia," Mkaidi akasema.

"Kuanza nini?"

"Kuongea. Nimekaa hapa tangu asubuhi najaribu. Nawatazama hapa walipokuwa wakikaa, nafungua mdomo. Hakuna kinachotoka."

"Anza na chochote."

Mzee alifikiri kwa dhati kabisa. Akatafuna, akameza.

"Maharage yamepungua chumvi."

Walitazamana, kisha wakaangua kicheko, mpaka mpimaji akaweka kijiko chini na kujifuta macho. Kicheko kilipokwisha, mzee alikuwa anatetemeka mabega, na haikuwa kwa kucheka tena. Mpimaji alimwacha. Akainuka, akamwekea chai, akarudi kukaa.

Ndipo mzee akaanza kusema. Alisema jinsi shamba lilipoanza kufa alivyoogopa, na kwamba mwanaume hakufundishwa aipeleke wapi hofu yake, basi aliipeleka shambani. Kila neno la nyumbani lilimjia kutoka mbali, kama mtu anayekuita ukiwa umezama ndani ya maji. Alijua mkewe anaumwa. Alisimama pale mlangoni akitaka kumwuliza hali, na kilichotoka mdomoni ni lango la mfereji. "Niliyasikia maneno yangu mwenyewe," alisema, "nikashindwa kuyarudisha. Nikaona aibu, nikatoka." Aliongea kwa vipande, akirudi nyuma, akichanganya miaka. Mpimaji alisikiliza. Alipoulizwa juu ya mwandishi wake, kama alikuwa na watoto, alifungua mdomo kujibu akagundua kwamba hajui. Miaka yote ile ya namba, hakuwahi kuuliza. Alilisema hilo pia.

"Tulikuwa na kazi nyingi," akaongeza.

"Eeh," Mkaidi akasema. "Kazi ni nyingi."

Dereva alipokuja, mzee aliisukuma toroli mpaka darajani. Waliagana kwa mkono.

Ofisini mpimaji aliandika aliyoyaona. Tawi lifungwe. Mitaro ichimbwe bondeni. Mashamba yapandwe vichaka vyenye mizizi mirefu vinavyostahimili chumvi, ili vinywe yale maji ya chini na kuyateremsha, hata kama itachukua miaka. Kwenye mchanga wa mto wa kale, pampu ya mkono tu, na bomba jembamba pembeni la kupimia kina cha maji. Mkuu wake alitaka pampu ya dizeli, arudishe kijiji kizima na apige picha. Mpimaji akamwekea ramani mezani, akamweleza habari ya mafuta na mchuzi, na alipoona haitoshi akamwambia kwamba ikiwekwa dizeli yeye jina lake litolewe kwenye taarifa. Ikawekwa ya mkono.

Msimu wa kiangazi uliofuata alitumwa kwenda kupima bomba lile. Daraja lilikuwa limetengenezwa kwa mbao, gari likavuka. Pampu ilikuwepo nyuma ya jiko, na ndoo zimepangwa foleni. Familia mbili zilikuwa zimerudi, moja ya fundi baiskeli. Mke wa fundi baiskeli, mwanamke mnene mchangamfu, ndiye aliyempokea. Mpimaji akateremsha kipimo. Maji yalikuwa palepale alipoyaacha, na utamu wake uleule. Vichaka vilikuwa vimefika magotini, vya kijivu, havina uzuri wowote, lakini vilikuwa hai.

Nyumba ya Mkaidi ilikuwa na kufuli.

"Kaenda mjini," alisema mke wa fundi. "Alisubiri pampu iwekwe, akatuachia sisi ufunguo wake, akafunga virago."

"Kwa mkewe?"

"Kwa mkewe wapi. Mwenzake hakumtaka ndani. Kapanga chumba mtaa wa pili. Ila anasema hakufukuzwa mlangoni, na mtu asipofukuzwa mlangoni ana pa kusimama." Akacheka, akamtajia mahali mzee anapofanya kazi.

Mpimaji alimwomba dereva wapitie. Ilikuwa kitalu cha miche, kando ya ukuta wa shule, safu za vifuko vyeusi chini ya kivuli cha matete. Mkaidi alikuwa akimwagilia kwa kopo lililotobolewa, kifuko kimoja kimoja, matone machache kila kimoja. Alikuwa amepungua mwili. Shati lilikuwa na mikunjo.

"Maji yakoje?" ndilo neno lake la kwanza. Kisha akajikamata, akaweka kopo chini. "Samahani. Hujambo, mama? Safari? Umekula?"

"Sijambo. Maji yako palepale."

Akavuta benchi, wakakaa. Kila jioni baada ya kazi, alieleza, hupita kwa mama watoto. Hukaa nje barazani. Mwanzoni mama watoto hakutoka. Binti alimletea chai, akarudi ndani, naye akanywa akaenda zake. Kijana alipita mbele yake kama anapita mti. Akaendelea kwenda. Sasa mama watoto hutoka, hukaa upande wake na ushonaji wake, na yeye humwuliza mambo. Maswali mengine huwa ameyafikiria tangu asubuhi.

"Anajibu?"

"Mengine anajibu, mengine ananyamaza." Akatazama viganja vyake. "Nakaa pale nikinyamaziwa, nasema kumbe ndivyo ilivyokuwa. Halafu narudi chumbani. Chumba kidogo, mama, ukinyoosha mkono unagusa kuta zote. Lakini usiku wake ni mrefu."

"Hawatarudi kule?"

"Hawatarudi. Na mimi nimeacha kusema maneno hayo." Akapangusa udongo magotini. "Juzi mama watoto alinicheka. Nilikosea jina la mtoto wa jirani, nikamwita la kuku wao. Alicheka mpaka akajichoma sindano."

Alilisema hilo kwa uzito, kama mtu anayetoa taarifa ya mvua.

Dereva akapiga honi. Mkaidi akamsindikiza mpaka langoni, akimweleza njiani habari za miche: huu unataka kivuli, huu unapenda kusahauliwa, huu ukiuzidishia maji unaoza mizizi. Aliongea mfululizo, kwa haraka, akijikwaa maneno, akirudia, kama mtu mzima anayejifunza baiskeli na anayejua kwamba akisimama ataanguka. Mpimaji hakumkatiza. Honi ikalia tena. Wakaagana.

"Yule mzee wa toroli, ni nani kwako?" dereva aliuliza walipoingia barabara kuu.

"Nilimpimia shamba."

Dereva akaridhika, akawasha redio. Safari ilikuwa ndefu. Walikuwa wakielekea kwenye uwanda mwingine, mashamba mengine yaliyoanza kuwa meupe pembezoni, ambako hakuna aliyemjua na hakuna aliyekuwa akimngoja. Mpimaji alitazama nje. Baada ya maili kadhaa akainama mbele, akapunguza sauti ya redio.

"Hivi wewe," alimwuliza dereva, "una watoto?"

Dereva aligeuka kumtazama, kwa mshangao, maana walikuwa wamesafiri pamoja miaka mingi.

"Ninao," alisema, akapunguza mwendo, kama anayengoja kuona kama swali lilikuwa la kweli.

"Niambie," akasema mpimaji.